Nagios niliyoikompaili mwenyewe Ngamiani: uzoefu wangu

Shangazi yangu ana duka la stationari Ngamiani hapa Tanga. Chini kuna kompyuta sita na mashine ya fotokopi, juu vyumba vitano vya wageni. Mimi ndiye ninayepigiwa simu kila mtandao "unapokufa". Na ulikuwa unakufa kweli, ila kwa namna ya kuudhi: unapotea, na kabla hujainuka kitini umesharudi. Waja leo waondoka leo, kama tunavyojisifia mji wetu. Mtu amejaza fomu ya mkopo wa chuo kurasa nne, anabonyeza kutuma, ukurasa unabaki mweupe. Tangu Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na mtandao ukasuasua nchi nzima, shangazi amepata jibu moja la kila kitu: "Nyaya za baharini tena hizo, mwanangu." Mtoa huduma wetu naye alikuwa na lake: upande wao kila kitu kiko sawa. Nikataka kushika ushahidi mkononi.

Nikachagua Nagios Core. Ni programu huria ya siku nyingi. Ethan Galstad aliitoa 1999 kwa jina la NetSaint, jina la sasa likaja 2002. Kazi yake haina makuu. Unaiambia vifaa vyako ni vipi, inaviita kimoja kimoja kila baada ya muda, kisichoitika inakipaka rangi nyekundu. Haihitaji mashine ya kifahari pia. Nimeiweka kwenye kompyuta ya zamani yenye RAM ya GB 2 iliyokuwa inakula vumbi chini ya meza ya kulaminetia.

Ningeweza kuisakinisha kwa apt, amri inayoshusha programu zikiwa tayari, kifurushi cha nagios4 kipo kwenye Debian, mfumo wa Linux ninaotumia. Nilikataa kwa sababu mbili: nilitaka toleo jipya zaidi, na, niseme ukweli, nilitaka kujionyesha kwamba naweza kukompaili msimbo chanzo, yaani kuyageuza maandishi ya mtengenezaji kuwa programu inayowaka, mpaka mwisho. Sababu ya pili ndiyo iliyonigharimu.

Bando kwanza. Msimbo wenyewe si mzigo. Kinachokula ni vifaa vya kukompailia: build-essential, maktaba za picha kwa ajili ya ramani, Apache na PHP kwa ajili ya kurasa za kutazamia. Ukikaa kwenye bando la siku, shusha vyote usiku kabla hujaanza kazi. Mimi nilianza saa nne asubuhi duka likiwa limejaa, shangazi akanitazama kwa jicho ambalo wapwa wote wanalijua.

Nikaandika ./configure, inayokagua kama mashine ina kila kinachohitajika, ikapita. Nikaandika make all, inayokompaili yenyewe, mistari ikaanza kuteremka, nikatoka kutafuta chai na boflo. Niko na kikombe mkononi, umeme ukakatika mtaa mzima.

Uliporudi nikaandika make tena, nikijua inaendelea ilipoishia. Ni kweli inaendelea, na hapo ndipo penye mtego. Make haisomi ndani ya faili, inatazama tarehe tu: faili la .o (kipande kilichokwisha kukompailiwa) likiwa jipya kuliko msimbo wake, inahesabu kazi hiyo imekwisha. Umeme unapokatika ghafla, faili mbili tatu huweza kubaki na jina na tarehe nzuri, ndani zikiwa na baiti sifuri. Kila kitu kikapita vizuri mpaka dakika ya kuunganisha vipande, kisha kikalalamika kwamba faili fulani halitambuliki. Nilihangaika nalo saa nzima, nikalaumu toleo la gcc (programu inayokompaili), nikalaumu diski. Dawa ilikuwa make clean, inayofuta vipande vyote, na kuanza upya. Kwa hiyo umeme ukikukatikia katikati, usijaribu kuokoa kilichobaki. Safisha, kompaili upya, hata kwenye mashine kuukuu ni dakika chache tu.

Kitu kingine ambacho mgeni hakijui: make install peke yake haitoshi. Kuna amri ya kutengeneza mtumiaji na kundi, ya huduma ya kuwaka yenyewe, ya mipangilio, ya Apache, na kila moja ina jina lake. Ukiruka moja, Nagios itawaka na kukuacha ukijiuliza kwa nini ukurasa haufunguki. Vyote vinaingia /usr/local/nagios, jambo ninalolipenda, kwa sababu najua pa kutafuta.

Halafu ukifungua ukurasa wa kwanza utakuta wekundu mtupu. Usiogope. Core ni ubongo usio na mikono. Inayokwenda kupiga hodi kwenye vifaa ni programu ndogo za check, na hizo ni furushi lingine la msimbo unaloshusha na kukompaili peke yake. Hapa ndipo nina malalamiko makubwa kuliko yote. Ile configure ya furushi la pili ni mpole kupita kiasi. Ikikosa maktaba fulani haigomi, inakwenda mbele na kukujengea kilichopungua. Sikuwa na libssl-dev, maktaba ya SSL, ule usimbaji unaolinda tovuti za https. Mwisho ikasema mambo safi, nikasakinisha, nikaiambia check_http ikague tovuti ya https, ikanijibu kwamba SSL haipo. Haipo vipi? Nikapandisha mistari ya configure, nikaikuta imeandikwa pale pale katikati ya mistari mia kadhaa: imetafuta, haikuona. Ilisema, lakini kwa sauti ya mtu anayeongea msikitini. Ikabidi niweke maktaba, niiendeshe configure tena, nisafishe, nikompaili mara ya pili. Tangu siku ile matokeo ya configure nayatupia kwenye faili na kutafuta kila palipoandikwa "no" kabla sijagusa make. Hili likikubaki kichwani, kusoma kwako hakujapotea bure.

Mipangilio ni faili za maandishi, nyingi, na mabano yake hayana huruma. Lakini kuna amri ya nagios -v inayozikagua kabla hujawasha, na inakutajia faili na mstari wenye kosa. Nimetumia programu za kulipia zisizo na adabu hiyo.

Raha hasa niliipata kwenye neno moja, parents. Unaiambia Nagios nani yuko nyuma ya nani: printa iko nyuma ya ruta, na 8.8.8.8, seva ya Google huko nje, iko nyuma ya ruta hiyo hiyo. Ruta ikizima, haikuletei kelele za vifaa kumi. Inasema ruta imeanguka, hao wengine hawafikiki. Kompyuta yenye Nagios niliichomeka moja kwa moja kwenye ruta, kwa makusudi. Printa, kompyuta mbili za wateja na kifaa cha WiFi cha ghorofani vilibaki nyuma ya swichi, kile kisanduku cha kugawanya waya za mtandao. Swichi yenyewe ni ile ya bei rahisi isiyo na anwani, huwezi kuiita kwa jina.

Wiki nzima kila kitu kijani. Na wiki nzima wateja wanalalamika! Shangazi akapita, akatazama skrini, akasema, "Hiki chombo chako kinawaonea haya watu." Alikuwa na haki. Violezo (mipangilio ya mfano) vinavyokuja na Nagios hukagua kifaa kila dakika 5. Mtandao ukipotea sekunde kumi na tano katikati, haina habari. Hili ni pungufu kwa yeyote anayewinda matatizo mafupi, na hakuna atakayekuambia mpaka likukute.

Nikabadilisha interval_length, idadi ya sekunde katika kipimo kimoja cha muda, kutoka 60 kwenda 1, ili vipimo viwe vya sekunde badala ya dakika. Nikasahau kwamba badiliko hilo linagusa kila namba, pamoja na muda wa kurudia arifa. 30 iliyokuwa nusu saa ikawa nusu dakika. Asubuhi nikakuta arifa za printa iliyozimwa usiku zimejaa mpaka basi. Nikaziandika namba zote upya: kukagua kila sekunde 15, arifa kila 1800. Sasa ikaanza kukamata. Si zote, lakini za kutosha.

Kwenye kumbukumbu zake (saa imeziandika kwa sekunde tangu 1970, sijui nani alidhani binadamu anasoma hivyo, ila kurasa za wavuti zinatafsiri) nikaona vile vinne vya nyuma ya swichi vinaanguka pamoja, ruta iko hai, 8.8.8.8 iko hai. Basi si baharini, wala si mtoa huduma. Ni sisi.

Nikaketi mchana mmoja na daftari nikisubiri. Saa nane na dakika kumi hivi, nyuma yangu friji ya barafu za ubuyu ikaguna, compressor ikawaka, taa za swichi zikazimika zote na kuanza kuwaka upya moja moja. Friji na swichi zilikuwa zimechomekwa kwenye ekstensheni moja, friji ikiwaka swichi inakosa umeme kwa muda. Joto la Tanga likizidi friji inawaka mara nyingi zaidi, ndiyo maana mchana ulikuwa mbaya kuliko asubuhi.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja naipunguza kwa ule upole wa configure na kwa hizo dakika 5. Kama una vifaa vitatu na huna muda, tumia apt, hutapoteza kitu. Ukikompaili mwenyewe jua kwamba apt haitakukumbusha toleo jipya la usalama likitoka, hilo ni jukumu lako, nami nimeliandika kwenye kalenda ya simu. Na kurasa zake zina sura ya zamani, kama zinakusumbua macho tafuta kitu kingine.

Friji imehamishiwa soketi ya peke yake karibu na mlango. Shangazi hajakiri kitu kuhusu nyaya za baharini, ila akifika asubuhi, baada ya shikamoo yangu, siku hizi anauliza, "Marahaba. Kijani?"