Uanagenzi kwenye saiti za Dodoma: tathmini ya mkandarasi mdogo

Natoa nyota nne kati ya tano. Ninachotathmini ni mafunzo ya uanagenzi kwa kazi za ujenzi: kijana anaandikishwa chuo cha ufundi stadi, lakini muda wake mwingi yuko saiti chini ya fundi wako, na chuoni anarudi kwa vipindi. Nina kampuni ndogo ya majengo hapa Dodoma, daraja la saba kwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na vijana wanne niliowapokea wamemaliza mwezi uliopita. Wawili wa uashi, mmoja wa mabomba, mmoja wa umeme. Wakandarasi wenzangu wananiuliza kama inalipa au ni mzigo tu, nikaona bora jibu lote niliweke hapa, hata mwenye kujenga nyumba yake alisome.

Aliyeko Dodoma anajua hali ilivyo. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huku mwaka 2016, mji haujapumzika. Mtumba zimejengwa wizara, Msalato kiwanja cha ndege, reli ya SGR ikachukua mafundi wa nondo na zege kwa miaka, na huku Nala, Ihumwa na Iyumbu nyumba mpya zinaota kila upande. Fundi mzuri yupo, ila kumpata wewe mwenye kazi ya nyumba ya vyumba vitatu ni shida, kwa sababu mkandarasi mkubwa anamlipa kila wiki na ana kazi ya miaka miwili mbele yake. Ukienda kijiweni asubuhi utakuta watu wengi na kila mmoja atakwambia ni fundi. Mpe mwiko na uzi, mwambie anyanyue kona moja kozi sita, yaani mistari sita ya tofali, utajua. Mikono ipo tele. Inayokosekana ni ile inayojua kwa nini tofali lipishane na kwa nini zege lisizidishwe maji.

Kuhusu mpango wenyewe nitasema kwa kifupi. VETA, mamlaka ya Serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyeti vya ufundi stadi vina ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Chuo nilichoshirikiana nacho si cha Serikali, na jina lake sitalitaja. Tulisaini mkataba wa pande tatu: chuo, mimi na kijana, wazazi wakishuhudia. Waajiri wenye watu kumi na kuendelea tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi kupitia TRA, ile iliyoshushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara mwezi Julai 2023. Mwenye kuilipa namwambia hivi: fedha hiyo inatoka upende usipende, basi chukua na vijana uone faida yake kwenye ukuta wako mwenyewe.

Vijana wangu wote wamevuka miaka 18. Hapo usilegeze, hata mzazi akikupigia magoti. Sheria ya ajira ya 2004 inamkinga aliye chini ya umri huo dhidi ya kazi za hatari, na kupandisha tofali juu ya jukwaa la miti ni kazi ya hatari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikulikuta kwenye mkataba wala kwenye kikao chochote cha maandalizi, na ndilo lililobeba mafunzo yote.

Fundi wetu mkuu wa uashi ni mzee kutoka Kondoa. Amejenga tangu ujana wake, na kona akiinyanyua yeye, timazi, kile kipimo cha wima, unaiweka kwa kutimiza taratibu tu. Miezi ya mwanzo aliwapa vijana kazi za saidia fundi: chota mchanga, koroga udongo (mchanganyiko wa saruji na mchanga), pandisha tofali. Ikifika zamu ya kona, anawatuma maji. Ikifika siku ya kuseti jengo, yaani kupima na kuweka alama za msingi, anafika alfajiri, wao wanakuta vigingi na kamba vimekwisha kufungwa. Nilimwita pembeni tukakaa juu ya mbao, nikamuuliza kwa heshima, mzee wangu, mbona vijana hawaoni kona? Akanijibu bila kuzunguka: "Mama, huyu kijana nikimpa yote, mwakani atanichukulia kazi kwa nusu ya bei yangu. Na mimi nina watoto wanasoma."

Ana haki kabisa. Fundi wa mtaani hana pensheni, hana mkataba, jengo likiisha na ujira umeisha. Ujuzi wake ndiyo shamba lake. Kumwambia augawe bure kwa kuwa waajiri tumekosa mafundi ni kumdhulumu. Naamini mafunzo mengi ya kazini yanafia hapa: zinahesabiwa siku ambazo kijana alikuwa saiti, lakini kama siku hizo alifundishwa hakuna anayeuliza.

Tulifanya mambo mawili. La kwanza lilikuwa posho ya kufundisha, shilingi 5,000 kwa siku juu ya ujira wake, na donge nono zaidi kila kijana atakapofaulu jaribio ambalo mzee mwenyewe alilipanga: kona ya ukuta kozi kumi, peke yake, timazi na uzi visimsute. La pili lilikuwa cheti chake yeye. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa vitendo, anaulizwa maswali, na akifaulu anapewa cheti bila kukaa darasani miaka. Mzee alikuwa hana karatasi hata moja maishani mwake inayosema yeye ni fundi. Akapimwa, akafaulu. Alikuja na cheti kwenye bahasha ya kaki akamwonyesha kila mtu saiti, mpaka dereva wa lori la mchanga.

Baada ya hapo vijana walianza kumwita mwalimu, na akawa mwalimu kwelikweli. Aliwafundisha kugonga tofali la kuchoma na kusikiliza: lililoiva linalia, ambalo halijaiva linanyamaza. Aliwafundisha kusugua mchanga kiganjani na kutazama tope linalobaki, kwa sababu mchanga wenye tope unaua saruji. Aliwafundisha kulowesha tofali kabla ya kulijenga, ili lisinywe maji ya udongo kabla haujashika. Siku ya kwanza alipowaachia kona ya choo cha nje, alikaa kwenye ndoo akawatazama asubuhi nzima bila kushika mwiko, na walipokosea kozi ya tatu aliwaambia waibomoe wenyewe. Kwangu mimi hakuna siku iliyokuwa na thamani kama hiyo katika mafunzo yote.

Chuo nacho kilileta kile ambacho mzee hakuwa nacho: kusoma ramani na kupiga hesabu. Mmoja wa waashi wangu ni binti, na yeye ndiye aliyeonyesha faida hiyo mapema. Mzee anapata pembe mraba kwa tatu-nne-tano: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, mkingamo, yaani mshazari unaounganisha ncha hizo mbili, uje mita 5. Ni njia sahihi, lakini jengo likiwa refu, kosa dogo la kona linakua kadiri kamba inavyoendelea. Binti alirudi kutoka chuoni akaomba apime mikingamo ya jengo zima. Nyumba ilikuwa mita 12 kwa 9, kwa hiyo kila mkingamo ulitakiwa uwe mita 15 kamili. Mmoja ulizidi kwa sentimita nne. Mzee alichukua futi mwenyewe, akapima, akakubali, na wakahamisha kigingi pamoja kabla msingi haujachimbwa. Mwenye nyumba hakujua lolote, lakini fundi wake wa tailizi angelijua, pale vigae vya sebuleni ambavyo vingeanza vizima ukuta mmoja na kuishia vipande vya mshazari ukuta wa pili.

Wa mabomba naye alirudi na somo la mteremko. Bomba la maji taka la inchi 4 tulizoea kulilaza kwa macho. Yeye akaja na kipimo: kila mita 4 lishuke sentimita 10. Tangu hapo tunapima kwa mpira wa maji wa kusawazishia kabla ya kufukia, na chemba zinapitisha vizuri. Wa umeme alikuwa kijana mwenye bidii, ila fundi umeme wangu si wa kudumu, naitana naye nyumba ikifikia hatua yake, kwa hiyo zilikuwepo wiki kijana alibeba kokoto tu. Ushauri wangu ni mfupi: fani ambayo huna fundi wa kila siku, usiichukulie mwanagenzi.

Binti huyo alinifanya nibadilishe na saiti yenyewe. Choo cha wanawake chenye mlango na komeo, mahali pa kubadilishia nguo, na onyo la wazi kwa vibarua kuhusu maneno. Gharama yake ni mabati machache na msimamo wa bosi. Ukitaka kupokea wasichana, na nakusihi upokee, hayo yawe tayari kabla hawajafika.

Nyota niliyoikata ni ya upande wa chuo. Ratiba yao haikujali zege. Wiki tuliyopanga kumwaga slabu, yaani sakafu ya juu ya zege, ambayo ndiyo kazi kubwa kuliko zote kwa mwashi kuiona, waashi wote wawili waliitwa darasani. Niliomba wabadilishiwe wiki, nikajibiwa kwamba kalenda imeshapitishwa. Vijana wakakosa kuona nondo zikiinuliwa kwa vipande vya zege ili zisilale kwenye mbao, wakakosa kuona mchanganyiko wa moja-mbili-nne (saruji, mchanga, kokoto) ukipimwa kwa boksi badala ya kukisia kwa koleo, wakakosa kuona namna unavyomkatalia kibarua anayetaka kuongeza maji ili zege liteleze. Waliporudi walikuta slabu imekauka juu na kazi iliyobaki ni kumwagilia. Kumwagilia ni somo pia, siku saba kwa uchache bila kuruka, tena kwa jua na upepo wa huku kwetu. Lakini slabu nyingine hatukuwa nayo hadi walipomaliza.

Lililoniuma zaidi ni kitabu cha kumbukumbu. Kila mwanagenzi ana kitabu cha kuandika alichofanya kila wiki, mzee anatia saini, na mwalimu wa chuo anatakiwa kuja kuthibitisha. Mwalimu alipokuja alikaa ofisini kwangu, akagonga mihuri kurasa za wiki nyingi kwa mpigo, akauliza chakula, akaondoka. Ukutani hakufika. Vijana walikuwa wameoga na kuvaa vizuri wakimsubiri waonyeshe kazi zao. Mwalimu kama huyo anawafundisha kwamba karatasi ndiyo kazi, na hilo ni somo ambalo mzee wangu anatumia miezi kulifuta.

Pia umaliziaji unaguswa juujuu. Wateja wangu wananipigia simu kwa sababu ya tailizi zilizo wazi chini, plasta inayopasuka, dari ya gipsamu iliyoachia. Hayo ndiyo maeneo tunayohangaika zaidi kupata watu, na chuoni vijana walipata muda mdogo sana wa kuyashika.

Gharama kwa upande wangu: posho ya shilingi 10,000 kwa siku kwa kila kijana, ikapanda hadi 15,000 walipoanza kujenga wenyewe, chakula cha mchana, kofia ngumu, buti na glavu, nauli za kwenda chuoni, na ile posho ya kufundisha. Vifaa vilivyoharibika navyo vihesabu. Miezi ya mwanzo unatoa kuliko unavyopata, na kasi ya kazi inashuka kidogo, hivyo mwambie mteja mapema. Mimi nilimwandikia kwenye mkataba kwamba saiti ina wanafunzi, kila kazi yao inakaguliwa na fundi mkuu, na kitakachobomolewa kinabomolewa kwa gharama yangu. Hakuna mteja aliyekataa. Kufikia theluthi ya mwisho waashi wale walikuwa wanajenga kwa kiwango ambacho kijiweni nisingekipata kwa ujira ule, na tofali zinazovunjika zimepungua sana.

Na wewe unayejenga, usimwogope mkandarasi mwenye vijana wa mafunzo. Muulize nani anawafundisha, na huyo anayefundisha analipwa nini kwa kufundisha. Akibabaika kwenye swali la pili, hao si wanagenzi, ni vibarua wa bei nafuu.

Binti na mwashi mwenzake nimewaajiri wote wawili. Mwenzake ameomba ruhusa ya kwenda kujenga nyumba ya wazazi wake Kongwa kisha atarudi. Kwa awamu ijayo nimekiandikia chuo masharti mawili yaingie kwenye mkataba: wiki ya zege kijana abaki saiti, na mwalimu akague kazi ukutani kabla ya kugonga muhuri. Nimeomba watatu, mmoja wa mabomba na wawili ambao tutawaelekeza kwenye tailizi. Mzee amesema safari hii awasaili yeye, na swali lake la kwanza atauliza nani amewahi kujenga hata banda la kuku kwao.