Bisibisi ya kugonga: ya boti, si ya ski ya majini

Bisibisi hii ya maduka ya spea ya Kampala ni nzito, na uzito ndio uzuri wake. Hata katika maji yasiyo chumvi ya Ziwa Victoria, skrubu ya stenlesi hugandana na alumini ya mlingoti wa boti, ule wa kufungia kamba ya kumvuta mtu wa ski. Nyunyiza mafuta ya kupenya, acha usiku kucha, weka bisibisi upande wa kufungua, kisha gonga kwa nyundo. Kila pigo hukandamiza ncha na kuizungusha papo hapo, kwa hiyo haitelezi.

Kwenye ski yenyewe, ubao wa kuteleza juu ya maji, usithubutu! Nyundo hung'oa nati zilizopachikwa ndani ya ubao. Hapo gusisha pasi ya kulehemu kichwani mwa skrubu, gundi inayoshika nyuzi zake ilainike.

Ncha zake? Laini mno, kingo za ncha ya msalaba namba 2 huliwa mapema. Nunua ncha nyingine.