VICE kwenye kompyuta kuukuu: inatosha kabisa

Jamani kama una ile mashine ya Pentium 4 yenye Windows XP imekaa tu stoo, usiiuze kwa bei ya chuma chakavu, iwekee VICE. Ni emuleta ya bure, yaani programu inayoigiza Commodore 64, ile kompyuta ya nyumbani ya Marekani ya mwaka 1982 yenye memori ya KB 64 tu.

Mi natumia toleo la 2.4, sio haya mapya ya 3, maana haya mapya menyu zake nzito na mashine ya zamani inahema. Ndani kuna programu mbili za kuigiza hiyo Commodore 64, x64 na x64sc, sasa hapo ndo watu wengi wanakwama, wanafungua x64sc picha inakata sauti inakwaruza halafu wanasema programu mbovu, kumbe x64sc inafuata chipu za asili kwa usahihi zaidi kwahiyo inakula prosesa vibaya mno. Fungua x64 ya kawaida. Sauti ikiendelea kukwama, kwenye setingi za SID (chipu ya sauti ya Commodore) toa reSID, njia ya kuiga sauti inayokula prosesa, weka FastSID iliyo nyepesi, muziki unapungua utamu kidogo lakini unaenda.

Skrini ya bluu ya Commodore ikitokea andika LOAD"*",8,1 halafu subiri, na utasubiri kweli, kisoma diski cha Commodore, 1541, kilikuwa kobe na emuleta nayo inaiga huo ukobe 😂 ukichoka kusubiri bonyeza Alt+W iende mbio.

Kibodi ndo kero, alama za kunukuu (") ziko Shift+2. Nyota nne.