Tahadhari: muuzaji wa saksafoni bandia za soprano mtandaoni

Ndugu wanamuziki, na hasa vijana wa kwaya na bendi za harusi mnaotaka kuanza kujifunza saksafoni ya soprano, naomba msome tangazo hili kabla ya kumtumia mtu yeyote fedha. Kuna muuzaji hapa Dar es Salaam anayetangaza kwenye mitandao ya kijamii saksafoni za soprano anazoziita "Selmer Mark VI mpya, kama ya Kenny G", kwa shilingi 850,000 pamoja na masomo ya mwezi mmoja kwa njia ya video. Wanafunzi wangu wawili wamekwisha kununua kwake, na ala zote mbili nimezishika na kuzipuliza mwenyewe.

Tangazo lake lenyewe tayari ni uongo. Ni kweli kwamba Kenny G, mpigaji saksafoni maarufu wa Marekani, hupiga Mark VI, lakini Selmer ya Ufaransa ilianza kuitoa modeli hiyo mwaka 1954 na iliacha kuitengeneza miongo kadhaa iliyopita, kwa hiyo yoyote inayouzwa leo imekwisha kutumika, na iliyo nzima huuzwa kwa maelfu ya dola. Mpya haipo.

Hata hivyo, jina bandia silo lililoniumiza zaidi, kwa sababu ala ya bei nafuu isiyo na jina inaweza kabisa kumfaa mwanafunzi, mradi haivuji hewa na noti zake zinakaa mahali pake. Hizi zinavuja. Nilipoingiza taa ndogo ndani ya bomba usiku, taa za chumbani zikiwa zimezimwa, kisha nikafunga matundu yote kwa vidole, mwanga ulijitokeza pembeni mwa pedi (vifuniko laini vya matundu) nyingi, na kwenye pedi moja ya chini ulikuwa mpana kiasi cha kupitisha kipande cha karatasi bila kukwama. Noti kuanzia D ya chini kushuka hadi Bb (B-flat) ama hazitoki ama zinaruka oktava ya juu, hata nilipotumia kipulizio changu na ridi (kile kijiti chembamba kinachotetema kwenye kipulizio) ninayoiamini.

Hapo ndipo ulipo ujanja wa huyu bwana. Soprano ni ngumu kweli kwa anayeanza: kipulizio chake ni kidogo, na midomo ikilegea au ikibana kupita kiasi, sauti hushuka au kupanda mara moja. Walimu wote tunawaambia hivyo wanafunzi, naye anajificha nyuma ya ukweli huo. Mteja akilalamika, anajibiwa kwa upole kwamba tatizo ni pumzi zake, kwamba atazame somo linalofuata na aongeze mazoezi, na majibu hayo huendelea mpaka zile siku 14 alizoahidiwa za kurudisha mzigo zipite, ndipo namba ya mteja inapozuiwa. Mmoja wa wanafunzi hao, binti mwenye sikio zuri sana, alifika mahali pa kuamini kwamba hana kipaji, akaacha kupiga. Nilipompa soprano yangu, D ya chini ilitoka jioni ile ile. Fedha zinaweza kutafutwa tena, lakini kumfanya mtoto wa watu ajidharau namna hiyo ni jambo lisilovumilika.

Ukitaka kununua, kwa huyu au kwa mwingine, usilipe kabla hujaiona ala, na uende na mtu anayejua kupiga. Soprano ya kawaida ni ya Bb, yaani noti inayosikika huwa chini kwa toni moja kuliko ile unayoipiga. Kwa hiyo ukifunga vidole vitatu vya mkono wa kushoto unapiga G, na programu ya kupimia noti kwenye simu inapaswa kuonyesha F. Kutoka hapo mwambie mwenzako ashuke polepole, noti moja moja, hadi ya mwisho. Muuzaji akidai malipo ya awali kwa maelezo kwamba mzigo umekwama bandarini, achana naye.

Kwa waliokwisha kulipa, msifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo yenu naye, na piga picha ya nembo na namba iliyochongwa kwenye ala. Vielelezo hivyo vipelekeni polisi, na pia Tume ya Ushindani (FCC), ambayo hushughulikia bidhaa bandia. Anayetaka ala yake ikaguliwe kabla ya kulipa aniandikie hapa chini. Nitaikagua bila malipo.