Critical Care ya Oxbow kwa simbilisi aliyeshindwa kutafuna: uzoefu wangu

Simbilisi wetu (guinea pig) anaitwa Karanga, jike wa miaka minne, na tunaishi naye Leicester, Uingereza. Critical Care ni unga wa kukorogea uji wa mnyama asiyeweza kula mwenyewe, wa kampuni ya Oxbow ya Marekani, na nimeutumia kwa miezi saba. Naandika kwa sababu nilipokuwa nahangaika usiku na mchana sikupata maelezo yoyote kwa Kiswahili.

Ilianza polepole. Karanga alikimbilia bakuli kama kawaida, akachukua jani la sukuma wiki, akaligeuzageuza mdomoni, kisha likaanguka. Binti yangu akasema ameshiba. Mimi nikaona kidevu kimelowa udenda. Nikamweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 870. Mwezi uliotangulia alikuwa na gramu 1,040.

Daktari wa kwanza alitazama meno ya mbele, akasema ni mazuri, tukarudi nyumbani. Tulipoteza siku nne hapo, na bado zinaniuma. Simbilisi ana meno 20, lakini yanayoonekana ni manne tu. Magego 16 yamejificha ndani, mdomo wenyewe mwembamba na mashavu yameziba njia. Na meno yote hayo hayaachi kukua maisha yake yote. Daktari wa pili, aliyezoea wanyama wadogo, alimlaza kwa nusu kaputi akakuta magego ya chini yamerefuka kuelekea ndani, ya kulia na ya kushoto, hadi yamefunika ulimi kama daraja. Ulimi umebanwa, hauwezi kusukuma chakula koo lilipo. Siku zote zile alikuwa na njaa! Akayasaga kwa kimashine hadi yakawa sawa.

Nilidhani akizinduka atakula. Hakula. Mdomo ulikuwa unauma na taya zimechoka. Simbilisi akikaa nusu siku bila chakula matumbo huanza kugoma, kwa hiyo hakuna cha kusema tuone kesho. Ndipo daktari akatupa pakiti ya kwanza.

Ndani yake ni nyasi kavu aina ya timothy zilizosagwa pamoja na virutubisho vingine, ikiwemo vitamini C. Mwili wa simbilisi, kama wetu, hauwezi kuitengeneza vitamini hiyo. Akiikosa anapata kiseyeye, na hata nyama zinazoshikilia meno hulegea. Nachanganya kipimo kimoja cha unga na viwili vya maji ya vuguvugu, nauacha ufyonze maji, unakuwa uji mzito wa kijani. Kuna wenye ladha ya anisi na wenye ladha ya tufaha na ndizi. Huu wa pili ndio Karanga aliupokea. Siku ya tatu alikuwa anavuta mwenyewe bomba la sindano tulilokuwa tunamlishia.

Kumlisha ni kazi ya subira. Namfunga taulo, mgongo wake kifuani kwangu, naingiza bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele. Usilielekeze kooni, atapaliwa. Natoa kidogo, nasubiri atafune na kumeza, ndipo naongeza. Mabomba ya mililita 1 niliyonunua yalikuwa na tundu jembamba, uji ukakwama. Nikakata ncha, nikailainisha kwa tupa ya kucha isimchane. Tulimlisha kila baada ya saa tatu, mimi na mume wangu tukipokezana, hata saa nane usiku.

Nilimpigia simu mama yangu aliyeko Njombe, Tanzania. Kwetu simbilisi wanafugwa jikoni kwa kitoweo, na niliogopa atashangaa. Akaniuliza tu, "Mwanangu, kwani huwa mnampa nyasi? Hawa wanatafuna kutwa." Swali hilo lilinigusa. Kutafuna nyasi ngumu kutwa ndiko kunakosugua magego, nasi tulikuwa tunajaza bakuli vidonge vya chakula cha dukani na kuweka nyasi kavu kidogo pembeni. Daktari alisema sababu huwa zaidi ya moja, nyingine ni za kuzaliwa, lakini tangu siku hiyo nyasi kavu haziishi kwenye banda lake.

Siku ya tisa alitafuna unyasi mmoja mrefu hadi mwisho. Sote watatu tulikaa sakafuni tukimtazama, na binti yangu akalia.

Unga huu nawashauri bila wasiwasi, ila jueni kwamba haurekebishi meno. Unamshikilia mnyama asife njaa wakati daktari anafanya yake. Mtu akiutegemea peke yake atamchelewesha tu. Karanga husagwa magego kila wiki nane hadi kumi, na baada ya kila mara anahitaji uji kwa siku mbili au tatu. Pakiti haikosekani kabatini. Nampima kila asubuhi kabla sijamlisha. Akipungua gramu 30 napiga simu kliniki siku hiyohiyo, siongoji udenda.

Leo asubuhi alikuwa na gramu 985.