Bendi nne kwenye tiketi, mimi nilimfuata Gojira

Tiketi ilikuwa na majina ya bendi nne za metali, ule muziki mzito wa magitaa makali na dramu, nami nilikata kwa ajili ya moja tu. Gojira ni Wafaransa wa Ondres, walioanza mwaka 1996 wakijiita Godzilla, wakabadili jina mwaka 2001. Tangu nilipoisikia albamu yao ya From Mars to Sirius, ya mwaka 2005, sijapata bendi nyingine inayopiga kwa uzito ule huku ikiimba habari za bahari, misitu na kifo bila kushabikia ukatili. Wengi waliwajua usiku wa tarehe 26 Julai 2024, walipopiga wakiwa madirishani na kwenye kuta za Conciergerie, gereza la zamani la Paris, pamoja na mwimbaji wa opera Marina Viotti, katika ufunguzi wa Olimpiki ya Paris. Kama wewe ni mmoja wao na unajiuliza iwapo inafaa kulipia bendi nne ili uione hii moja, mimi nasema inafaa. Ila kuna mambo uyajue.

Kubwa kuliko yote ni nafasi yao kwenye orodha. Gojira walipanda wa tatu, si wa mwisho. Katika shoo za aina hii bendi ya kwanza hupata kama nusu saa, anayefunga hupata saa moja na nusu au karibu na hapo, na wa katikati hubanwa. Wao walipata kama saa moja. Bendi yenye albamu saba, saa moja! Nyimbo za albamu mbili za mwanzo hazikuguswa kabisa, na hilo bado linaniuma.

Jambo la pili ni sauti. Bendi ya kwanza walikuwa vijana wazuri, wanajituma, lakini tulichosikia kilikuwa uji. Kwa kawaida mafundi mitambo hupima sauti ya bendi kubwa kwanza, mchana ukumbi ukiwa mtupu; wasindikizaji hupata dakika chache, wakati mwingine mbele ya watu tayari. Na metali haisamehe. Magitaa yaliyolegezwa nyuzi, besi na dramu ya mguu vyote vinagombania masafa yale yale ya sauti nzito ya chini, na fundi asipovitenganisha, mpigo unapotea. Nilisogea nyuma hadi karibu na meza ya fundi, ambako ndiko sauti inakopimwa, na tofauti ilikuwa kubwa. Bendi ya pili niliisikia vizuri kutoka hapo, na nitatafuta kazi zao.

Halafu taa zikazimwa, ukumbi mzima ukaanza kuliita jina la Gojira.

Ukisikiliza nyumbani unaweza kudhani ule ulinganifu kati ya dramu na magitaa umetengenezwa studio. Haukutengenezwa. Mario Duplantier anapiga miguu miwili kwa kasi ya kutisha, na mkono wa kaka yake Joe kwenye gitaa unaangukia pale pale mguu unapoangukia, kila pigo. Christian Andreu kwenye gitaa la pili na Jean-Michel Labadie kwenye besi wanaingia humo humo, hakuna anayechelewa. Ule mkwaruzo wa nyuzi ambao ndio saini ya Joe, kwenye spika kubwa unaupokea kifuani kabla ya masikio. Joe mwenyewe anaimba akiunguruma, kisha ghafla analainisha sauti, na maneno unayasikia.

Ilipoanza Flying Whales, zile sauti za nyangumi za mwanzoni zikitanda ukumbini, watu wazima waliokuwa wakisukumana wakatulia, wengine macho yamefumbwa. Gitaa likajenga taratibu, taratibu, mpaka uzito wote ukashuka kwa pamoja na nyomi nzima ikaruka. Nimekuwa nikiupenda wimbo huu miaka mingi, na usiku ule nililia.

Kwa anayeogopa vurugu: kuna duara la kusukumana katikati, linaonekana kama ugomvi lakini lina adabu yake. Akianguka mtu, wa karibu wanamnyanyua papo hapo. Nililiona hilo tena na tena. Usipotaka kuingia, simama pembeni au nyuma, hakuna atakayekuvuta.

Masikio ndiyo ya kuogopea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka kumbi za burudani zisizidi wastani wa desibeli 100, na kwa vipimo vya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, dakika 15 kwenye kiwango hicho zinatosha kumaliza kiasi cha kelele ambacho masikio yanashauriwa kupokea kwa siku nzima. Shoo ya bendi nne inakwenda saa nne au tano. Vaa vizibo vya masikio tangu bendi ya kwanza, vile vya wanamuziki vinavyopunguza sauti bila kuifukia. Mimi nilivaa muda wote na sikukosa kitu.

Bendi ya kufunga ilikuwa na mashabiki wake na iliwapa haki yao. Mimi nilibaki kwa heshima, moyo ulishashiba.

Waandaaji wangenisaidia kwa jambo moja: waandike kwenye tangazo saa ya kila bendi kupanda na muda itakaopiga, kabla sijalipa. Usiku ule niliyajua hayo mlangoni, kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.