Mrejesho: ripoti za historia ya gari za Japani, na pleti namba ya kwao inavyokuambia mengi kabla hujalipa

Wadau, naleta mrejesho kuhusu hizi huduma za mtandaoni ambazo unaweka chesisi namba ya gari ya Japani, unalipa, wanakutumia historia yake. Niseme mapema kabisa, ni huduma nzuri na hela yake ni halali, haifiki hata ya kujaza tenki la Passo. Ila watu wengi wanakimbilia kulipa wakati nusu ya majibu wanayo tayari kwenye makaratasi ya gari, ni vile hawajui kuyasoma. Naongelea ile pleti namba ambayo gari ilikuwa inatembea nayo kule kwao kabla haijapanda meli.

Kibao chenyewe huwezi kukiona. Gari ikifutiwa usajili kule, vibao vinarudishwa kwenye ofisi yao ya usajili, na kwenye picha za mnada ambako gari iliuzwa kule namba zinafichwa. Lakini namba inabaki kwenye cheti cha eksipoti, lile karatasi ambalo linatembea na gari mpaka bandarini na bila hilo huitoi. Ipo juu pale, imeandikwa kwa Kijapani, na app ya simu ya kutafsiri kwa kamera inaisoma bila shida. Muuzaji yeyote aliyeingiza gari kihalali ana hicho cheti au ana kopi, kwa hiyo ukiomba ukaambiwa kimepotea, au ukatumiwa picha WhatsApp imekatwa kuanzia katikati kushuka chini, hapo mimi naanza kuuliza maswali mengi.

Sasa namba yenyewe ina vipande vinne. Cha kwanza ni jina la eneo: Shinagawa ni Tokyo, Naniwa ni Osaka, kuna Yokohama, Nagoya, Sapporo, Okinawa na mengine mengi. Cha pili ni tarakimu za aina ya gari, zikianza na 5 au 7 ni gari ndogo ya abiria, zikianza na 3 ni ile imezidi cc 2000 au imezidi vipimo vya gari ndogo, zikianza na 4 ni gari ndogo ya mizigo. Hii 4 ni muhimu kwa wapenzi wa Probox, kwa sababu Probox ya 400 ilisajiliwa kule kama gari ya kubebea mzigo, kwa hiyo akija mtu anakuambia ilikuwa ya mama mmoja anaendea sokoni tu, mwonyeshe hiyo 4 umwangalie usoni.

Cha tatu ni herufi moja ya Kijapani, na hapa ndipo penye utamu (naongelea gari za kawaida, zile ndogo za cc 660 kama Suzuki Carry zina mpangilio wao wa herufi). Ukiona wa, inaandikwa わ, au re, inaandikwa れ, ile ilikuwa gari ya kukodisha. Ukiona a, i, u, e, ka, ki, ku, ke, ko au wo, ilikuwa ya biashara, teksi na jamaa zake, ambazo kule zinavaa kibao cha kijani chenye maandishi meupe. Rangi huioni kwenye cheti lakini herufi inatosha. Kuna hata zenye herufi ya Kizungu kama Y, hizo ni za wanajeshi wa Marekani walioko kule. Zilizobaki karibu zote ni za matumizi binafsi, ya mtu au ya kampuni. Kipande cha nne ni zile namba nne za mwisho, hizo kwa sisi wanunuzi hazina kazi yoyote.

Nawapa mfano. Shemeji yangu alipenda Passo moja kwenye yadi hapa Dar, nyeupe, inang'aa, sahani za taa safi hata mikwaruzo hazina. Muuzaji akasema ni gredi 4, yaani alama ya hali ya gari wanayotoa wakaguzi wa mnada, mmiliki mmoja, bibi wa Tokyo, haijawahi kutoka mjini. Nikamwambia shemeji, usibishane nae, omba cheti tu. Kilipokuja, juu pale inasomeka Sapporo, 501, re. Sapporo iko Hokkaido, kaskazini kabisa mwa Japani, na re ni ya kukodisha, kwa hiyo huyo bibi wa Tokyo alitokea wapi sijui.

Hapo ndo tukalipia ripoti. Ilikuja siku hiyo hiyo kwenye email, na kwa hilo nawapa pongezi. Ndani kuna karatasi ya mnada yenyewe iliyoskaniwa, tarehe ya kuuzwa, kilometa, gredi, na ule mchoro wa bodi wenye alama: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, X ni kipande kinachotakiwa kubadilishwa, na namba inayofuata inaonyesha ukubwa wa tatizo, yaani A1 sio A3. Passo yetu ilikuwa 3.5, sio 4, alama ya hali ya ndani ni C, na sehemu ya historia imeandikwa ya kukodisha, sawasawa na herufi ilivyosema. Kilometa zilikuwa za kweli, 71 elfu na dashibodi inasema 71 na ushee, hapo muuzaji hakudanganya.

Kitu ambacho hakikunifurahisha ni tafsiri. Walitafsiri gredi na kilometa na vifaa, kamera ya nyuma sijui na ufunguo wa kubonyeza, lakini yale maelezo ambayo mkaguzi aliandika kwa mkono pembeni hawakuyagusa kabisa, na ndiyo yenye kila kitu. Tukayapiga na app ya simu, ikatoka: kutu chini ya gari. Huduma inayochaja hela halafu inaruka mstari wa maana kuliko yote inabidi irekebishe hilo, maana mnunuzi wa kawaida akiona tafsiri ya Kiingereza imepangwa vizuri anadhani ndo imeisha.

Niongee kidogo kuhusu kukodisha maana watu wanaogopa bure. Gari ya kukodisha ya abiria kule inakaguliwa na serikali ikifikisha miaka miwili, baada ya hapo kila mwaka, wakati ya mtu binafsi ni ikifikisha miaka mitatu kisha kila miwili. Kampuni zinabadilisha oili kwa wakati kwa sababu gari ikiharibika barabarani mteja anawasumbua wao. Shida yake ni ndani, viti na milango vinachoka kwa sababu kila siku dereva mpya, ndo ile C. Kwa hiyo wa au re peke yake sio sababu ya kukataa gari, ni sababu ya kushusha bei na ya kujua unaongea na muuzaji wa namna gani.

Kilichotufanya tuikimbie ni neno Sapporo. Hokkaido na mikoa ya kaskazini na ile ya upande wa Bahari ya Japani, kama Aomori, Akita, Niigata, kwenye baridi inapiga theluji kweli kweli na barabarani wanamwaga chumvi ili barafu iyeyuke. Ile chumvi inarushwa na matairi inaganda chini ya gari miezi na miezi, inakula mabomba ya breki, ekzosi, vishikio vya sapoti, na mikunjo ya bodi ambako maji yanakaa. Juu gari inabaki inang'aa kabisa. Okinawa nako chumvi ipo, ya upepo wa bahari. Halafu unaileta gari hiyo Dar, au Tanga, au Mombasa, joto na unyevu na upepo wa chumvi kila siku, kutu iliyoanza Hokkaido inaendelea na safari yake bila kupumzika.

Na wauzaji wanajua, ndo maana utakuta chini pamepuliziwa rangi nyeusi mpya, nzito, inapendeza macho. Tulimchukua fundi, gari ikapandishwa, akakuta chini nyeusi tii. Akachukua bisibisi akakwangua taratibu pale karibu na tairi la nyuma kushoto, ile rangi ikatoka na chuma chake, vipande vya kahawia vimepangana tabaka kwa tabaka vinadondoka sakafuni, na bisibisi ilikuwa bado haijakandamizwa. Bomba la breki pembeni yake limevimba lina vipele. Shemeji mwenyewe alishika akaona, hakuna aliyehitaji kumshawishi tena.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: naangalia eneo kwanza. Likiwa la theluji, fundi anakuja na gari inapandishwa juu kabla ya mazungumzo yoyote ya bei. Zikiwa Nagoya, Osaka, Tokyo, bado nakagua ila roho inakuwa imetulia kidogo. Miaka ile baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima ya Machi 2011 watu walikuwa wanaliangalia pia jina Iwaki, maana ndiyo namba ya upande ule wa mkoa, na gari za kuuzwa nje zikaanza kupimwa mionzi.

Kuna kitu kingine nataka kiwe wazi kwa sababu kuna watu wanaliwa hela. Kuna matapeli wanakuambia tupe pleti namba ya Japani tukupe jina na simu ya mmiliki wa zamani. Haiwezekani. Zamani kule ukiwa na pleti namba tu ulikuwa unaweza kuomba taarifa za usajili, lakini tangu Novemba 2007 sheria inataka pleti namba pamoja na chesisi namba nzima, na utoe kitambulisho na sababu, hii ni kulinda siri za watu na mimi naona wamefanya vizuri. Na kirikuu, zile Suzuki Carry, usajili wake uko kwenye shirika tofauti kabisa na hata huo mlango haupo. Wewe mnunuzi humhitaji huyo mtu hata hivyo, unahitaji historia ya chuma.

Pia mjue pleti ni ya mwisho tu. Gari ikihamia eneo la ofisi nyingine inapewa namba mpya, na iliyotoka kukodishwa ikauzwa kwa mtu binafsi inapata herufi ya kawaida. Hapa ndipo ripoti inapokuwa na thamani, na ndipo stika zinaposaidia. Angalia kioo cha nyuma, mara nyingi ile stika ya polisi ya kuonyesha mwenye gari ana pa kuegesha bado ipo na inataja mkoa, walikuwa wanazitoa mpaka zilipofutwa Aprili 2025. Angalia nguzo ya mlango wa dereva, kuna stika ya kubadilisha oili yenye kilometa na tarehe. Mwaka wao usikuchanganye, wanahesabu kwa enzi ya mfalme wao, Heisei 30 ni 2018, Reiwa 1 inaanza Mei 2019. Stika ikisema oili ilibadilishwa kwenye kilometa nyingi kuliko dashibodi, mita imerudishwa au imebadilishwa, ila usichanganye na kilometa za kubadilisha oili safari ijayo ambazo nazo huandikwa hapo. Cheti nacho kina kilometa, lakini ni za ukaguzi wa mwisho na sio za siku ya kuuzwa, kwa hiyo dashibodi inatakiwa iwe sawa au juu yake, kamwe isiwe chini.

Shemeji mwishowe alichukua Vitz yenye namba ya Nagoya, herufi ya mtu binafsi, kioo cha nyuma kina stika ya polisi wa Aichi ambako ndiko Nagoya iliko, cheti kinasema 48 elfu dashibodi 53. Tukalipia ripoti na yenyewe ili kujiridhisha, ikarudi haina kitu, hakuna rekodi ya mnada wowote walionao, na hela hawakurudisha. Hiyo sio haki. Kuna huduma nyingine zinakuangalizia kwanza bure kama chesisi yako ina rekodi, unaona idadi ya rekodi ndo unalipa, na ndizo nazitumia sasa hivi na nawashauri mzitumie hizo.